Maziwa ya Garsen Yana Wenyewe

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Mimi nimeishi miaka mingi kiasi cha kuanza kuishuku methali hiyo, kwa sababu nimeviona vizuri vingi ambavyo havikupata mnunuzi, na vingine vilivyouzwa na watu wasiokuwa na mali. Shaka hiyo ilinirudia juma lililopita nilipoketi ukumbini kwangu, miwani puani, nikiitazama filamu ya dakika ishirini na nne iliyotengenezwa na vijana watatu kuhusu maziwa ya Garsen, katika delta ya Mto Tana.

Filamu hiyo haikutengenezwa na kampuni yoyote wala haikufadhiliwa na idara ya serikali. Mmoja wa vijana hao ni mwana wa mwanafunzi wangu wa zamani. Nauli waliichanga wenyewe, kamera moja waliiazima kwa mpiga picha wa harusi mjini Malindi, na sehemu iliyobaki wakaipiga kwa simu zao za mkononi. Kijana aliniletea kwa heshima zote na kuniambia, "Mwalimu, tazama kisha uniambie ukweli. Usinionee haya." Nami nikamwahidi kuwa nitamwambia ukweli, pasi na kujua kwamba ukweli wenyewe ungenikosesha usingizi.

Nianze na sifa, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Filamu inaanza alfajiri juu ya daraja la Mto Tana, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji mekundu kama chai ya maziwa. Kisha safari inaelekea pande za Ngao hadi Ziwa Shakababo. Twaoneshwa mwari wakiteleza juu ya maji, yangeyange wameupamba mti mkavu mithili ya maua meupe, na kiboko akitoa pua, akipumua, akizama tena. Twaoneshwa miembe mikongwe ambayo vivuli vyake vingetosha baraza nzima ya kijiji. Twamwona mvuvi akisimama wima ndani ya mtumbwi wa gogo moja, upondo mkononi, bila ya kuyumba. Jua linapotua katika Ziwa Bilisa, mtazamaji anatamani kufunga virago na kusafiri usiku huo huo.

Kwa hakika, nilipoyaona hayo nilipata furaha iliyochanganyika na fahari. Msomaji mpendwa, hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho ulipolisikia jina la Garsen katika taarifa ya habari, na lilitajwa kwa jambo gani? Aghalabu ni mojawapo ya mambo mawili, ama mafuriko ama damu. Mwishoni mwa mwaka 2023 na tena katika masika ya 2024 tuliziona picha za nyumba zilizozama hadi paa na kina mama wakivushwa kwa mashua. Kabla ya hapo, kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, tulizisoma habari za vijiji vilivyochomwa na watu zaidi ya mia moja waliouawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Ukimwambia Mkenya wa bara kwamba unatoka Garsen, atakutazama kwa huruma, au kwa hofu. Kwa hiyo kijana anayethubutu kuionesha nchi yake ikiwa imepambwa na jua la asubuhi amefanya tendo la maana. Ameirudishia nchi hiyo uso wake.

Hata hivyo, niliahidi ukweli. Katika dakika ya tisa ya filamu hiyo kuna picha iliyonifanya nisimamishe mtambo, nirudishe nyuma, niitazame mara tatu. Ni picha ya mtumbwi uliolala juu ya majani mabichi. Mpiga picha ameupenda mtumbwi huo. Ameuzunguka taratibu, ameonesha nyufa za ubao, ameonesha kipepeo aliyetua juu ya ukingo wake. Nyuma yake, mbali kabisa, yapata hatua mia mbili hivi, maji yanametameta. Muziki wa taratibu unapigwa. Picha yenyewe inapendeza kwa kweli.

Lakini mimi niliwahi kufundisha katika shule moja ya kando ya mto huo, na nilikuwako mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoifanya delta nzima kuwa bahari. Najua kwamba hakuna mvuvi anayeegesha mtumbwi wake hatua mia mbili kutoka majini. Mtumbwi wa gogo ni mzito, na hakuna mwenye akili atakayeuburura mchana kutwa ili apate kupendezesha picha ya mtalii. Mtumbwi ule haukuondoka majini. Maji ndiyo yaliyoondoka, yakauacha mtumbwi pale pale ulipofungwa. Kijana wetu alidhani amepiga picha ya pambo, kumbe amepiga picha ya msiba.

Ili msomaji aelewe kilio changu, yafaa nieleze kidogo namna maziwa hayo yalivyozaliwa. Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukakata nchi kavu ya mashariki, hatimaye ukafika katika tambarare ya Garsen ukiwa umechoka. Mto uliochoka hauendi moja kwa moja. Hupinda kushoto, hupinda kulia, kama nyoka. Ukipinda mno, siku moja mafuriko huikata njia ya mkato, na lile pindo la zamani hubaki pembeni likiwa limejaa maji, umbo lake kama upinde. Mengi ya maziwa ya huko, ya Shakababo na Bilisa yakiwamo, ni mabaki ya mto uliohama au mabonde yanayonyweshwa na mafuriko yake. Hayana chemchemi ya kuyategemea, nayo mvua ya pale pale haitoshi kuyashibisha. Mto ukifurika, maziwa hujaa, samaki huingia kuzaa, na majani huchipua. Mto usipofurika msimu baada ya msimu, ziwa hugeuka dimbwi, na dimbwi hugeuka uwanja.

Na mto huo, ndugu msomaji, haufuriki tena kama zamani. Tangu mwaka 1968 hadi 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme katika mkondo wake wa juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. La Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala kubwa la maji kuliko yote katika msururu huo. Tena bwawa la Ndakaini, ambalo kwa miaka mingi limekuwa tegemeo kubwa la maji ya Nairobi, limejengwa katika Mto Thika, nao Mto Thika ni mtoto wa Tana. Silaumu umeme, kwani hata taa ninayoandikia makala haya inawaka kwa baraka zake. Wala siwalaumu wakazi wa Nairobi kwa kunywa maji. Ninachosema ni kwamba mtu atakayeitazama filamu hii katika nyumba ya ghorofa jijini, glasi ya maji mkononi na taa ikiwaka, hayuko mbali na Garsen kama anavyodhani. Ule mtumbwi ulioachwa juu ya majani unamhusu.

Ajabu iliyopo ni kwamba wakazi wa delta wamepata hasara mara mbili. Gharika ndogo za kila mwaka, zile zilizokuja kwa adabu katika masika na vuli zikiacha rutuba mashambani, zimepungua. Gharika kubwa, zile za kubomoa nyumba, hazikukoma. Yale mafuriko ya 1997 na 1998 yaliyabomoa hata maboma ya mradi mkubwa wa mpunga wa serikali uliokuwa huko, licha ya fedha nyingi zilizotumika kuyajenga. Baina ya gharika hizo kubwa huja ukame, kama ule ulioanza mwishoni mwa 2020 ukadumu hadi mapema 2023, mvua zikikosekana misimu mitano mfululizo. Mtu wa Garsen hana budi kujifunza kuogopa maji na kuyalilia katika maisha yale yale.

Lipo jambo la pili. Msimulizi wa filamu anasema kwa sauti nzito, tena zaidi ya mara moja, kwamba haya ni "maziwa yaliyofichika". Nikajiuliza: yamefichika kwa nani? Mpokomo anayepanda mpunga na ndizi ukingoni yamemficha? Mvuvi anayetega kambare, kamongo na perege humo yamemficha? Mwanamke wa Kiorma ambaye kila asubuhi huingia sokoni Garsen na kibuyu cha maziwa, je, hajui mahali ng'ombe wake walikonyweshwa? Kiswahili chetu kina hekima yake, kwa kuwa kimeyapa jina moja maziwa ya ng'ombe na maziwa ya maji. Huko Garsen jina hilo si sadfa tu. Kiangazi kikikaza, mifugo kutoka nyika ya mbali huteremka kwa njia zake za asili, ambazo wenyewe huziita malka, ikaja kula majani ya kando ya maziwa. Yakikauka maziwa ya maji, na yale ya kibuyuni hukauka.

Huenda msomaji ataona kwamba natafuta makosa katika neno moja dogo. La hasha! Maneno ya namna hiyo yana historia yake katika nchi hii. Likiitwa ziwa "lililofichika", hatua inayofuata ni kuiita nchi "tupu", na nchi ikishaitwa tupu, hatakosa kutokea mtu wa kuijaza. Mwaka 2008 uliidhinishwa mpango wa kulima miwa katika hekta zipatazo 20,000 za delta hiyo. Wakulima, wafugaji na watetezi wa mazingira wakaenda kortini, na mapema mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi wenyewe. Kabla ya hapo, Septemba 2012, delta hiyo ilikuwa imekwisha kuingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, jumla ya hekta 163,600. Ramani za wawekezaji zilikuwa zimeonesha majani na maji tu. Watu hawakuchorwa. Filamu inayoonesha ndege mia tatu na kumpa binadamu sekunde kumi inachora ramani ile ile, ijapokuwa nia yake ni njema.

Jambo la tatu ni muziki. Tangu mwanzo hadi mwisho filamu inasindikizwa na kinanda cha kigeni kilichochukuliwa bure katika intaneti, kile kile kinachosikika katika matangazo ya benki na sabuni. Kinapigwa kwa nguvu kiasi kwamba mzee mmoja anaonekana akizungumza, mdomo unacheza, mikono inaeleza, lakini sauti yake haisikiki. Basi nikakumbuka kwamba Wimbo wa Taifa wa Kenya, ule uliotayarishwa mwaka 1963 kwa ajili ya uhuru, ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Kila askari anaposimama wima, kila mwanariadha wetu anapotokwa na machozi juu ya jukwaa la ushindi ng'ambo, mahadhi yanayosikika yalizaliwa kando ya mto huu. Taifa zima liliazima sauti kwa akina mama wa Tana. Iweje leo mtoto wa Tana mwenyewe aende kuazima sauti ya kupambia mto wake kwa watu asiowajua?

Niliyaandika hayo yote katika karatasi, nikamwita kijana, nikamwandalia chai. Alinisikiliza kwa utulivu, akiinama na kuandika. Nilipofika kwenye mtumbwi alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, yule mzee tuliyemfunika kwa muziki alikuwa akiyasema hayo hayo. Alisema mtumbwi ni wake. Alisema mara ya mwisho alipousukuma majini mjukuu wake alikuwa bado hajazaliwa, na sasa mjukuu huyo anakwenda shule."

Nikamuuliza kwa nini basi waliyakata maneno hayo. Akanijibu kwa unyenyekevu ambao ulinichoma zaidi kuliko ukaidi. "Tuliambiwa kwamba watu hawapendi filamu za huzuni. Tena sisi wenyewe tulichoka, Mwalimu. Tangu tukiwa wadogo, kila kamera ikija kwetu huja kutafuta maiti au maji. Tulitaka angalau mara moja watu watutazame bila ya kutuhurumia."

Hapo nami nikanyamaza. Mwalimu hujifunza kwa mwanafunzi, na siku hiyo nilijifunza kwa mtoto wa mwanafunzi. Kisha akaniambia jambo ambalo halimo kabisa katika filamu. Vijana hao watatu, mmoja ni Mpokomo, mmoja ni Mworma, na wa tatu ni mzaliwa wa Malindi. Mwaka 2012 wawili wa mwanzo walikuwa watoto wa shule ya msingi, kila mmoja akilala porini na mama yake kwa kumwogopa baba wa mwenzake. Walikutana chuoni miaka mingi baadaye. Waliposafiri kupiga filamu, mmoja ndiye aliyeomba ruhusa katika vijiji vya wakulima, na mwenzake akaomba katika maboma ya wafugaji. Ndani ya mtumbwi, mmoja alishika upondo na mwingine akashika kamera. Mtazamaji haambiwi lolote kati ya hayo. Anaona tu picha isiyotikisika ya ziwa, asijue ni mikono ya nani iliyoutuliza mtumbwi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilimwambia kijana kwamba hiyo ndiyo filamu ninayotaka kuiona. Sikumtaka afute ndege wala machweo, kwa maana uzuri si uongo na hakuna aliyemkataza maskini kuwa na nchi nzuri. Nilimtaka aongeze mambo manne tu. Ataje maziwa kwa majina yake, na majina hayo yatamkwe na wenyewe. Apunguze kinanda, amwache mzee aseme. Aeleze maji yanatoka wapi na kwa nini hayaji. Tena amweleze mtazamaji ni nani walioipiga filamu hiyo, maana katika eneo lile urafiki wao ni habari kubwa kuliko kiboko. Huzuni iliyosemwa na mwenyewe haimdhalilishi. Inayodhalilisha ni ile inayosemwa na mgeni aliyekuja asubuhi akaondoka jioni.

Sasa nawageukia wakubwa. Kila mwaka tunasikia kwamba pwani ya Kenya inatafuta watalii, na kila mwaka matangazo yanaonesha mchanga mweupe wa Malindi na Diani kana kwamba pwani ni ufuo pekee. Barabara kutoka Malindi hadi Garsen ni ya lami, na ile ya kuelekea Witu na Lamu, ambayo zamani ilikuwa adhabu, nayo imetiwa lami. Mto unaishia Kipini, ambako wenyeji humwonesha mgeni kaburi la Fumo Liyongo, shujaa anayesomwa katika kila darasa la fasihi ya Kiswahili. Ni wanafunzi wangapi wa fasihi waliowahi kufikishwa huko? Serikali ya kaunti huko Hola, na vituo vya televisheni vinavyotangaza kwa Kiswahili, wangeweza kuinunua kazi ya vijana hawa kwa bei ya halali badala ya kuichukua bure na kuwapa ahsante. Shule zingeweza kuionesha. Mvuvi aliyeutoa mtumbwi wake na muda wake naye apate fungu lake, hata kama ni dogo.

Najua wapo watakaosema kwamba watalii wakija wataharibu, hivyo heri maziwa hayo yasijulikane. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba maziwa ya Garsen hayakuanza kupungua kwa sababu ya wageni waliokuja kuyatazama. Yalipungua wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiyatazama. Mto ulipangiwa kazi huko juu, na waliokuwa huku chini hawakuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba wapo. Kuonekana peke yake hakumwokoi mtu. Lakini asiyeonekana hupangiwa, na akilalamika huambiwa kuwa ni mgeni kwake.

Kijana ameondoka na karatasi yangu mfukoni. Ameniahidi kwamba wataifanyia filamu marekebisho, na kwamba watarudi Shakababo kumwomba mzee yule ruhusa ya kuyatumia maneno yake, maana mara ya kwanza hawakumwomba ruhusa ya kuyakata. Nilimuuliza kama wana nauli. Alicheka, akasema, "Tutachanga, Mwalimu." Nami nimechanga kidogo. Nimemwomba pia jambo moja: akifika, aupime kwa hatua zake ule umbali kutoka mtumbwini hadi kwenye maji, aniletee idadi. Mimi mwenyewe nilikisia tu, mia mbili, nikiwa nimeketi ukumbini kwangu na glasi ya maji mkononi.